Mji na Pindo: Leso, Utandawazi na Suala la Mahali

Hapana neno ambalo katika miaka hii limetumiwa katika tahakiki za Kiswahili kwa wingi na kwa wepesi kama neno utandawazi. Tasnifu nyingi zinazopita mikononi mwetu, ziwe za riwaya au za ushairi, hufungua kwa kutuarifu kwamba dunia imekuwa kijiji, kisha zikaendelea na mambo mengine kana kwamba jambo hilo limekwisha kuthibitika. Aliyeieneza kauli hiyo ni Marshall McLuhan, mwanachuo wa Kanada, katika kitabu alichokitoa mwaka 1962, naye alikuwa akiwazia jinsi vyombo vya umeme vya mawasiliano vinavyowaleta watu pamoja. Sisi tumeichukua kauli yenyewe tukaiacha hoja iliyoizaa. Hatuulizi kijiji hicho kimejengwa wapi, nani kati ya wakazi wake aishiye karibu na kisima na nani atembeaye nusu ya siku kwenda kuteka, wala hatuulizi lugha inayosemwa barazani ni ya nani. Maswali haya ni ya kijiografia, na pengine ndiyo sababu wahakiki wa fasihi wameyapa kisogo, kwa kudhani kwamba jiografia ni somo la ramani, mvua na mazao.

Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo kwa matini moja ndogo sana, nayo ni jina la leso. Twaichagua leso kwa sababu mbili. Kwanza, ni maandishi ya Kiswahili yaliyopigwa chapa na kuuzwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na huenda yamesomwa na watu wengi zaidi ya wale waliopata kuisoma riwaya yoyote ya lugha hii. Pili, kila mtu anayedai kuwa utandawazi umetufikia jana, na kila mtu anayedai kuwa umetuharibia kilichokuwa chetu halisi, itampasa kwanza aieleze leso, na hapo ndipo atakapopata taabu.

Msomaji wa pwani atatuwia radhi tukikumbusha analolijua. Leso, au kanga kama waitavyo Unguja na Bara Tanzania, ni kitambaa cha pamba chenye upana wa kama mita moja na urefu wa kama mita moja na nusu, nacho huuzwa kwa jozi. Pembeni kote huzungukwa na pindo. Uwanja wa kati, wenye pambo kuu, huitwa mji. Ndani ya mji, karibu na pindo la chini, ndimo mlimoandikwa msemo, na msemo huo huitwa jina. Istilahi hizi hazikubuniwa na wataalamu. Ni za wavaaji na wauzaji. Mwanamke anayenunua leso huuliza ina jina gani, na mara nyingi jibu ndilo linaloamua kama atafungua mkoba. Nasi tunaosoma fasihi twapaswa kushangaa kidogo kwamba watu waliokipa kitambaa sehemu zake waliiona sehemu ya kati kuwa ni mji, yaani mahali panapokaliwa na watu, na maneno yakawekwa ndani ya mji huo badala ya kutupwa pindoni.

Sasa tuangalie kitambaa hiki kilikotoka. Jina leso lenyewe ni la Kireno, kwa maana ya kitambaa cha kichwani au cha mkononi. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya namna hiyo vikiwa bado havijakatwa mmoja mmoja, wakavikata vitatu vitatu na kuvishona safu mbili ili wapate nguo moja pana, na hatimaye wafanya biashara wakaagiza nguo iliyokwisha kupigwa chapa hivyo. Ama kanga, husemwa kuwa ni jina la yule ndege mwenye madoadoa, kwa kuwa leso za mwanzo zilikuwa na mapambo yanayofanana na manyoya yake. Masimulizi ya asili ya nguo aghalabu hunyooshwa na wasimulizi, nasi hatutaki kuyabebesha zaidi ya yanavyoweza kubeba. Lakini hata tukiyaweka kando, mengine yanayojulikana yatosha.

Kabla ya leso kulikuwa na merekani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, hasa baada ya mkataba wa biashara kati ya Sultani Said bin Sultan na Marekani wa mwaka 1833. Kulikuwa pia na kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyokolea, kutoka Bara Hindi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliikata biashara ya Salem, na viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaingia mahali pake. Hata hivyo watu waliendelea kuiita nguo ile merekani ijapokuwa ilitoka kwingine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikaanza kufika Unguja kwa ratiba. Safari za bahari hazikuwa tena zikingojea kaskazi ya Disemba hadi Machi kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ya Aprili na kuendelea kuvirudisha. Ni katika wakati huo wa meli za moshi ndipo leso ilipozaliwa. Ilipigwa chapa Uingereza na Uholanzi, hasa katika mji wa Helmond ambako kampuni ya Vlisco ilikuwa ikifanya kazi tangu 1846. Baadaye Japani ikachukua sehemu kubwa ya soko. Kisha Bara Hindi, na sasa China pia. Wauzaji wake wa jumla Mombasa walikuwa, na wengi wangali, ni wenye asili ya Kihindi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana kwa chapa yake ya Mali ya Abdulla, lilianza Mombasa mwaka 1887, na mara nyingi hutajwa kuwa ndilo lililoanzisha au kueneza desturi ya kuandika misemo.

Basi tuikunjue leso na tuulize ni kipi ndani yake kilicho cha asili yetu kwa maana ile wanayoitaka walinzi wa utamaduni. Pamba haikuwa yetu, chapa haikuwa yetu, jina ni la Kireno, duka ni la Mhindi, na meli ni ya Mwingereza. Hata hivyo hapana nguo iliyo ya Kiswahili zaidi ya hiyo. Bibi harusi havikwi kisutu ila kwa kuwa hapana nguo nyingine iwezayo kusema linalosemwa na kisutu. Mtoto hupokewa kwa leso na maiti wa kike hustiriwa kwa leso.

Hapa ndipo zinapokwama kambi zote mbili za mjadala wetu. Kambi ya kwanza, ya wale wanaoshangilia soko la dunia, ilipata msemaji wake mwaka 1983, Theodore Levitt wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipodai kwamba tofauti za mapendeleo kati ya mataifa zitakwisha na kampuni zitauza kitu kile kile kwa namna ile ile kila mahali. Lakini historia ya leso yaenda kinyume. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya walaji wa Afrika Mashariki na nasaba za utandawazi, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba mapendeleo ya wanunuzi wa pwani yetu yaliviongoza viwanda vya Salem na Bombay. Nguo isiyopendwa ilioza bandarini, na mfanya biashara asiyesikiliza alifilisika. Leso yaizidisha hoja hiyo. Mholanzi asiyejua neno moja la Kiswahili alilazimika kuchonga maneno ya Kiswahili katika vyombo vyake vya kupigia chapa, kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi, kwa sababu mwanamke wa Ng'ambo au wa Mji wa Kale asingeinunua nguo isiyo na jina. Mahali palikuwa na nguvu ya kuagiza.

Tena yatupasa tukumbuke mwanamke huyo alikuwa nani. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Unguja ya miaka ya 1890 hadi 1945, ameeleza jinsi merekani na kaniki zilivyokuwa mavazi ya watumwa, na jinsi wanawake waliotoka utumwani, baada ya amri ya mwaka 1897 katika visiwa, walivyoikimbilia kanga kama alama ya kwamba wao ni waungwana na wakazi kamili wa mji. (Katika ukanda wa pwani ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1907.) Kwa mwanamke huyo nguo ya kigeni ilikuwa ni cheti cha uenyeji. Sijui nadharia ya ubeberu wa kitamaduni italiwekaje jambo hili, maana nguo ile ile iliyomtajirisha mwenye kiwanda wa Ulaya ndiyo iliyomtoa mvaaji katika unyonge wa jana.

Kambi ya pili, ambayo kwa haki ndiyo yenye wafuasi wengi katika idara zetu, husema kwamba utandawazi unameza tamaduni na kuzifanya zote zifanane. Siwadharau wanaosema hivyo, kwani wanayoyaogopa yapo. Kosa lao ni kuanzia katika utamaduni uliokuwa safi ambao baadaye ukachafuliwa, na kwa kuanzia hapo hawana budi kumaliza kwa maombolezo. Mwanajiografia Doreen Massey alitoa njia bora mwaka 1991. Alisema kwamba mahali ni pahali pa kukutania. Upekee wake hautokani na kuta zinazopazunguka bali na namna ya pekee ambavyo mahusiano ya mbali na ya karibu yamefungamana hapo. Papo hapo alionya kwamba si wote wanaoguswa na mwendo wa dunia wanaouendesha: wako wanaoagiza, wako wanaopokea, na wako waliofungwa mahali pamoja na mwendo huo huo. Massey alichukua mfano wa barabara ya Kilburn huko London. Lau angesimama Mtaa wa Biashara, Mombasa, asubuhi mizigo inapofunguliwa, sidhani kwamba angebadili neno.

Tuje sasa katika maneno yenyewe, kwani mpaka hapa tumesema juu ya kitambaa kuliko juu ya matini. Tuchukue jina lililotumika mara nyingi na kujulikana mno: Usisafirie nyota ya mwenzio. Msomaji wa haraka ataona onyo dhidi ya kijicho au dhidi ya kuiga mambo ya watu, na atapita. Lakini kitenzi chataka kutazamwa. Kusafiria si kusafiri tu. Ni kusafiri kwa kutumia kitu, kukitegemea kitu katika safari. Nyota husafiriwa na nahodha. Mwenye chombo baharini usiku huchagua nyota yake kwa kufuata aendako, na nyota imfikishayo mmoja Lamu yaweza kumpeleka mwingine katika mwamba. Kwa hiyo msemo huu, ukisomwa pwani, ni wa kimahali tangu mzizi wake: wasema kwamba mwelekeo ulio sawa kwa mwenzio si sawa kwako kwa kuwa ninyi wawili hamko mahali pamoja wala hamwendi mahali pamoja.

Juu ya maana hiyo imepandishwa ya pili, ya falaki. Katika desturi za miji ya pwani kila mtu ana nyota yake, nayo mwalimu huipata kwa kuhesabu herufi za jina la mtu na la mama yake. Nyota hapa ni bahati aliyozaliwa nayo mtu. Kuisafiria nyota ya mwenzio ni kutaka riziki isiyoandikwa kwa jina lako. Kisha ipo ya tatu, na hii haimo katika kamusi bali katika mtaa. Neno mwenzio, likivaliwa na mwanamke mbele ya mlango wa mwanamke mwingine anayeshukiwa kumnyemelea mume, lina ncha kali kuliko panga. Sidai kwamba msemo ulitungwa na mabaharia ukahamishiwa jikoni. Hatuna ushahidi wa hayo na si lazima tuwe nao. Nasema tu kwamba tabaka hizi tatu zaweza kukaa pamoja katika maneno manne kwa sababu bahari, falaki na ndoa za mitala zilikaa pamoja katika mji mmoja.

Rose Marie Beck, ambaye ameyachunguza majina ya leso kwa makini kuliko wengi, alibainisha jambo ambalo mhakiki wa matini zilizofungwa katika vitabu hulisahau: leso husema na kukana kwa wakati mmoja. Aliyeivaa akiulizwa atajibu kwamba ameivaa tu, ameipenda rangi. Maana haikamiliki katika maandishi. Hukamilishwa na nani aliyeivaa, siku gani, akipita mbele ya nani. Kwa maneno mengine, matini hii ina anwani, na anwani hiyo huandikwa upya kila inapofungwa kiunoni.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, leso ilipanda reli pamoja na chumvi na sukari. Huko bara ikapata kazi mpya. Ilimbeba mtoto mgongoni, ilifunika ungo, ilifungwa juu ya gauni mtu akienda shambani au msibani. Jina lilibaki palepale katika mji wa leso, lakini mara nyingi lilikoma kuwa mshale. Mama wa Machakos au wa Siaya aliyejifunga nyota ya mwenzio hakuwa akimtupia jirani neno, na jirani hakuwa na sababu ya kukasirika. Wako wanaolihesabu jambo hili kuwa ni upungufu, kana kwamba watu wa bara hawajui kuvaa leso. Mimi naliona kuwa ni usomaji mwingine wenye haki yake. Huko jina likawa ni nasaha ya jumla, karibu na methali inayosomwa darasani, na kwa wengi likawa ni Kiswahili cha kwanza kilichoandikwa kuingia nyumbani. Kitambaa ni kimoja, mashine iliyokichapa ni moja, bei yatofautiana kidogo tu. Usomaji ni wa aina mbili kwa sababu ya kilomita mia kadhaa na tofauti za ujirani. Wanaosema kwamba bidhaa moja huzaa ulimwengu mmoja wangefaa watueleze tofauti hiyo imetoka wapi.

Twaweza kwenda mbali zaidi. Nchini Madagaska iko nguo iitwayo lambahoany, yenye pindo, uwanja wa kati na msemo wa Kimalagasi chini yake, iliyo ndugu kabisa wa leso. Bahari ile ile iliyowaunganisha Waswahili na Wahindi ilikipeleka kiolezo kile kusini, na kisiwa kikakijaza lugha yake. Upande wa Afrika Magharibi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kitambaa cha nta kilichoigwa na Waholanzi kutoka kwa ufundi wa Java kilipata soko kubwa huko, na wanawake wafanya biashara wa Lomé, wale walioitwa Nana Benz kwa ajili ya magari yao, walikuwa mashuhuri kwa kukipa kila kitambaa jina. Lakini majina yao yalitolewa kwa mdomo, sokoni, baada ya kitambaa kufika. Hayakuchapwa. Kwetu jina lilitangulia, likaagizwa kwa barua, likachapwa kiwandani. Kwa nini? Sitajifanya kuwa na jibu la mwisho, lakini ni vigumu kutolihusisha na pwani ambayo ilikuwa imezoea kwa karne nyingi maandishi ya lugha yake kwa hati ya Kiarabu, katika tenzi, barua na michoro ya milango. Waholanzi ni wale wale na Waafrika wote ni wanunuzi, ila mji mmoja ulitaka neno lililoandikwa na mwingine ukatosheka na neno lililosemwa.

Hadi hapa huenda msomaji akadhani kwamba naandika sifa za soko la dunia kwa kisingizio cha leso. Sivyo. Kama twakubali na Massey kwamba mahali ni fungamano la mahusiano, hatuna budi pia kuuliza nani anayeshika ncha za nyuzi, na hapa kuna jambo lililobadilika.

Baada ya uhuru nchi zetu zilijaribu kuileta leso nyumbani tangu pamba hadi chapa. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Eldoret ilipata Rivatex mwaka 1976, Kisumu ilikuwa na KICOMI. Kwa mara ya kwanza mkulima wa pamba, msokotaji, mchapaji, mtunga jina na mvaaji waliweza kuwa raia wa nchi moja, ingawa si wa mtaa mmoja. Kisha ukaja mwanzo wa miaka ya 1990, mipaka ikafunguliwa, mitumba na nguo za bei nafuu zikamiminika, na viwanda vikaanza kuzima kimoja baada ya kingine. Rivatex ilifungwa mwaka 2000; Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na ikazinduliwa upya mwaka 2019. Mwanzoni mwa 2005 mgao wa kimataifa wa biashara ya nguo nao ukaondolewa, na viwanda vya Asia vikawa huru kuuza kokote. Leso nyingi zilizoko Mombasa leo zimetoka Bara Hindi, na mji wa Jetpur katika jimbo la Gujarat unajulikana kwa kazi hiyo. Katika kufilisika huko, aliyepoteza si jina la leso. Misemo ingali ikitungwa, wateja wangali wakiwapelekea wenye maduka maneno yao, na uchaguzi wa Barack Obama mwaka 2008 ulitoa kanga yenye sura yake kabla watu hawajamaliza kushangilia. Aliyepoteza ni mkulima wa pamba wa Nyanza na mfanyakazi wa mashine. Utamaduni ulibaki hai wakati ujira ulipokufa, na mhakiki anayepima utandawazi kwa kuangalia utamaduni peke yake ataandika kwamba mambo ni shwari.

Ndipo ninaporudi kwenye kazi yetu wenyewe, kwa kuwa sehemu ya hasara hii tunaweza kuizuia na hatujaizuia. Kwa muda mrefu desturi ya wanafunzi wanaotafiti leso imekuwa ni kukusanya majina mia mbili au mia tatu, kuyapanga kwa alfabeti au kwa dhamira (mapenzi, wivu, dini, siasa), kisha kuyachambua kama methali. Japo sipati tamaa sikati huwekwa chini ya subira. Husemwa kwamba ina urari wa vina, jambo ambalo ni kweli, kwani sipati na sikati vinaliwana vizuri na katikati yake neno tamaa linavuta pumzi. Kisha mtafiti huenda kwa jina linalofuata. Haulizwi aliyeivaa alikuwa ametamani nini. Leso ya jina hilo iliyonunuliwa na mwanafunzi wa kike aliyeshindwa mtihani, na ile iliyonunuliwa na mke aliyengoja miaka mitano mume aliyekwenda Maskati kutafuta kazi, ni matini mbili zenye maneno yale yale. Orodha ya alfabeti haina njia ya kuzitenganisha. Imeyang'oa maneno kutoka katika mji wake na kuyapanga ukutani. Kwa kweli hiyo ndiyo dunia kijiji ya wahakiki: maneno yote yako karibu na yote hayana makwao.

Ni ajabu kwamba kosa hili linafanywa na watu wale wale wanaoulalamikia utandawazi kwa kufuta tofauti.

Namna ya kukusanya ingeweza kuwa nyingine pasipo gharama kubwa. Kila leso iandikiwe iliponunuliwa, mwaka, duka, mahali ilipochapwa ikiwa imetajwa pindoni, bei, aliyeivaa ni mtu wa umri gani na wa mtaa gani (jina lake si letu kuliuliza), na alisema nini juu ya msemo, hata kama alisema kwamba hajali. Makosa ya chapa yaandikwe kama yalivyo. Wakusanyaji wengi huyasahihisha kimyakimya, kwa nia njema, nao kwa kufanya hivyo hufuta alama pekee iliyomo ndani ya matini ya kwamba mkono uliopanga herufi haukuijua lugha. Herufi iliyorukwa au maneno mawili yaliyobanwa kuwa moja ni habari juu ya umbali kati ya mtunzi na mchapaji. Mtaalamu wa miswada ya kale hathubutu kusahihisha mswada wake bila kuonyesha; sioni sababu ya leso kunyimwa heshima hiyo.

Kuna jambo la kuhifadhi pia. Leso huvaliwa, hufuliwa, hupauka, hukatwa kuwa nepi, na hatimaye huwa tambara la kupangusia sakafu. Hiyo ni haki yake na hatupendi ikae kabatini. Lakini matokeo yake ni kwamba za kale kabisa ni nadra sana kuonekana Mombasa au Unguja, ilhali wachapaji wa Uholanzi waliweka sampuli katika majalada yao. MacKenzie Moon Ryan aliyeandika historia ya utengenezaji na mapambo ya kanga katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Florida ya mwaka 2013, alitegemea sana hifadhi za namna hiyo, na alifanya vyema. Kwa hiyo tarehe za maandishi yetu wenyewe, na ushahidi wa lini hati ya Kiarabu ilianza kuiachia nafasi hati ya Kirumi katika mji wa leso, vinatafutwa Helmond. Atakayezisoma sampuli hizo atapata maneno na mapambo, na pengine mwaka. Hatapata mvaaji hata mmoja, kwa kuwa sampuli zile hazikupata kuvaliwa.

Nusu hiyo nyingine ya matini ingali huku, kwa wanawake wazee wa Kibokoni, Kuze, Lamu na Ng'ambo ambao wanakumbuka leso ipi ilitoka mwaka gani, ilisema nini, na ilimlenga nani.